Barua ya wazi kwa wakuu wa soka la England: huyu kijana atacheza wapi?

Kwa viongozi wa Chama cha Soka cha England (FA), Ligi Kuu ya England na EFL (ligi ya madaraja matatu yaliyo chini ya Ligi Kuu),

Salaam.

Mimi ni kocha wa kujitolea. Jumapili nafundisha timu ya vijana mashariki mwa London, na wengi wa vijana wangu wamezaliwa na wazazi waliotoka Mombasa, Unguja, Dar es Salaam, Bukavu na Bujumbura. Nawaandikia kwa Kiswahili ili wazazi hao wasome kila neno pamoja nanyi. Tafsiri ya Kiingereza nimeituma ofisini kwenu. Kila msimu wananiuliza swali lilelile, na wenye jibu ni ninyi. Mtoto akishachukuliwa na akademi, akasaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa akiwa na miaka 17, kuanzia hapo atacheza wapi?

Siulizi atafanyia wapi mazoezi. Viwanja vya mazoezi mnavyo, tena vya kifahari, na makocha mnao. Nauliza habari ya mechi: mechi ya watu wazima, yenye pointi, yenye mashabiki waliolipa kiingilio, yenye beki wa miaka 31 anayepigania ugali wa watoto wake. Mechi hizo ndizo zinazomkomaza mchezaji, na anazihitaji zaidi kati ya miaka 17 na 21. Vijana wengi wa England wamelazimika kuvuka bahari kuzitafuta. Siku hizi hata huko nje njia imekuwa nyembamba, na hapa nyumbani bado haijapanuka. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Nianze na winga Jadon Sancho, maana kwake ndiko wengi walikoiona njia hiyo kwa mara ya kwanza. Mtoto wa kusini mwa London, akalelewa Watford, akachukuliwa na Manchester City akiwa na miaka 14. Agosti 31, 2017, siku ya mwisho ya usajili, alisajiliwa na Borussia Dortmund kwa ada iliyotajwa kuwa pauni milioni 8 hivi. Alikuwa na miaka 17 na hakuwa amecheza hata dakika moja ya Ligi Kuu. City ya wakati ule pembeni ilikuwa na Raheem Sterling, Leroy Sané na Bernardo Silva, na kila aliyejua mpira aliona kwamba kijana huyu angesugua benchi kwa miaka. Dortmund walimkabidhi jezi namba 7, ileile iliyoachwa na Ousmane Dembélé aliyekuwa ametoka kuuzwa Barcelona. Naomba mlitazame jambo hilo kwa karibu. Klabu ya Ujerumani inampa kijana Mwingereza asiyejua Kijerumani namba ya mchezaji ghali kuliko wote iliowahi kuuza. Aliambiwa, bila hotuba yoyote, kwamba amekuja kucheza.

Akacheza. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 12 na kutoa pasi 14 za mabao katika Bundesliga. Oktoba 2018 alivaa jezi ya timu ya taifa ya wakubwa dhidi ya Croatia, akiwa na miaka 18. Mwaka 2021 Manchester United walilipa pauni milioni 73 kumrudisha katika mji uleule alioondoka bila kuonekana. Yaliyomkuta United ni habari nyingine na sitaingia huko. Nitakalo hapa ni kwamba thamani ile yote ilijengwa na dakika alizopewa na watu wengine.

Baada yake akaja kiungo Jude Bellingham, na kisa chake kina funzo ambalo nadhani halijasemwa vya kutosha. Bellingham hakwenda Dortmund mikono mitupu. Birmingham City, klabu ya EFL, walimwingiza kikosi cha kwanza Agosti 2019 akiwa na miaka 16, na katika msimu ule mmoja wakampa mechi zaidi ya 40. Kwa hiyo alipofika Ujerumani mwaka 2020 alikuwa ameshapigwa viatu na watu wazima, ameshasikia uwanja mzima ukimzomea, ameshajua kucheza Jumamosi, Jumanne, halafu Jumamosi tena. Miaka mitatu baadaye Real Madrid walimnunua kwa zaidi ya euro milioni 100. Juni 1, 2024, fainali ya Ligi ya Mabingwa ilichezwa Wembley, nyumbani kwenu: Bellingham upande wa Madrid, Sancho upande wa Dortmund alikokuwa amerudi kwa mkopo. Waingereza wawili katika fainali kubwa kuliko zote za klabu, na wote wawili walifinyangwa Dortmund.

Orodha ni ndefu, na sitaimaliza. Noni Madueke aliondoka akademi ya Tottenham mwaka 2018 akiwa na miaka 16, akaenda PSV Eindhoven. Angel Gomes aliondoka Manchester United mwaka 2020, akasajiliwa na Lille, wakampeleka kwanza Boavista ya Ureno kwa mkopo ili acheze. Septemba 10, 2024, England walipoifunga Finland mabao 2-0 pale Wembley, Gomes alianza katikati na Madueke akaingia kutoka benchi, akampa Harry Kane pasi ya bao la pili. Kane alikuwa anacheza mechi yake ya 100, kwa hiyo siku ile magazeti yaliandika Kane, na ni haki yake. Mimi niliwaangalia wale wawili. Mmoja alikuzwa kiutu uzima na Waholanzi, mwingine na Wareno na Wafaransa, na timu ya taifa inayowavuna ni yenu.

Wengine hamkuwavuna. Ademola Lookman, mzaliwa wa Wandsworth, alikuwemo kwenye kikosi cha England kilichotwaa Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 20 mwaka 2017. Alizunguka: Everton, Leipzig, Fulham, Leicester, hadi alipopata kocha na timu ya kumwamini pale Atalanta. Mei 22, 2024, mjini Dublin, aliifunga Bayer Leverkusen mabao matatu peke yake katika fainali ya Ligi ya Europa. Mwaka huohuo akawa Mchezaji Bora wa Afrika, kwa jezi ya Nigeria. Jamal Musiala alikulia kwenye akademi ya Chelsea, familia ikarudi Ujerumani mwaka 2019, na mapema 2021 akaichagua Ujerumani ingawa alikuwa ameshaichezea England ya vijana. Folarin Balogun wa Arsenal alikwenda Reims kwa mkopo, akafunga mabao 21 ya ligi ya Ufaransa msimu wa 2022/23, na kabla vumbi halijatulia alikuwa ameichagua Marekani. Kila mmoja ana haki ya kuchezea nchi ya damu yake au ya kuzaliwa kwake, na sisi tunaoishi na mioyo miwili tunaielewa haki hiyo kuliko wengi. Haji Mnoga, mzaliwa wa Portsmouth, anaichezea Taifa Stars na tunamshangilia. Ila kijana anaichagua nchi pia kwa kuangalia nani alimjali alipokuwa hajulikani, na hilo liko mikononi mwenu.

Sitaki mzazi yeyote anayesoma barua hii adhani ndege ndiyo dawa. Chris Willock aliondoka Arsenal mwaka 2017 kwenda Benfica, akaishia timu yao ya pili, na hakucheza hata mechi moja ya ligi na timu kubwa. Marcus McGuane naye alitoka Arsenal kwenda Barcelona Januari 2018, na jina la klabu lilikuwa zito kuliko nafasi aliyokuwa nayo. Emile Smith Rowe alipelekwa RB Leipzig kwa mkopo Januari 2019, majeraha yakambana, akaonekana mara tatu tu. Mwaka uliofuata alikwenda Huddersfield, mji ambao hakuna mtu wa kule kwetu anayeuota, akapata mechi mfululizo, na kabla mwaka 2020 haujaisha alikuwa anaibeba Arsenal. Reiss Nelson alikwenda Hoffenheim, akafunga mabao 7 ya Bundesliga, mengi yake kabla ya baridi kuingia. Baadaye nafasi yake ikapungua.

Ukiwapanga vijana hawa wote mezani, nchi waliyokwenda haielezi kitu. Ukubwa wa klabu hauelezi kitu. Kinachoeleza ni dakika. Mason Mount alitolewa na Chelsea kwenda Vitesse ya Uholanzi msimu wa 2017/18, na mashabiki wa pale wakamchagua mchezaji wao bora wa mwaka. Msimu uliofuata akaenda Derby County, akacheza tena kila wiki. Aliporudi Chelsea mwaka 2019 hakuwa mtoto wa kuoneshwa njia, na miaka miwili baadaye pasi yake ndiyo iliyozaa bao la Kai Havertz lililoleta Kombe la Mabingwa. Alikwenda mahali pawili ambapo kocha alimhitaji. Hakuna uchawi zaidi ya huo.

Sasa turudi nyumbani, niwaambie kinachotuumiza.

Nimekaa mara nyingi kwenye mechi za vijana chini ya miaka 21 za klabu kubwa. Nyingine huchezwa kwenye viwanja vya timu ndogo, usiku wa katikati ya wiki. Jukwaani kuna wazazi waliojifunika mablanketi, mawakala wenye simu mbili mbili, maskauti wanaoandika kwenye vidaftari, na babu wachache wa mtaani waliokuja kwa mapenzi. Uwanjani mpira unatembea vizuri sana, pasi fupi, pasi fupi, kipa naye anacheza kwa miguu. Usiku mmoja beki wa kati alipokonywa mpira kwenye eneo lake, wakafungwa, na wenzake wakampiga begani kumfariji wakarudi katikati. Hakuna aliyemfokea. Ni adabu nzuri, na kwa mtoto wa miaka 14 ningeisifu. Lakini yule alikuwa na miaka 20. Katika ligi ile hakuna kushuka daraja, hakuna mshahara wa mtu unaotegemea bao lile, na Jumatatu atarudi mazoezini kama kawaida. Bellingham katika umri huo alikuwa na mechi za watu wazima zaidi ya 100. Yule beki, kwa alivyoniambia baba yake tulipokuwa tunakunywa chai wakati wa mapumziko, alikuwa na mechi tatu, zote za EFL Trophy, kombe ambalo timu za vijana za klabu kubwa hukutana na timu za madaraja ya chini.

Kwa nini hapewi nafasi? Najua majibu, na naomba tuyaseme wazi. Wikiendi ya kwanza ya Ligi Kuu, Agosti 1992, wachezaji walioanza kutoka nje ya visiwa hivi walikuwa 13 tu katika ligi nzima. Leo Waingereza wanacheza kama theluthi moja ya dakika zote. Sina neno na wageni, mimi mwenyewe ni mgeni hapa, na Januari 2020 Mbwana Samatta alipotua Aston Villa tulijaa sebuleni kwa mtu mmoja hadi wengine wakakaa chini. Samatta hakuruka hata ngazi moja: Simba, kisha TP Mazembe kule Lubumbashi, kisha Genk ya Ubelgiji, ndipo Villa. Victor Wanyama naye alipitia Ubelgiji na Scotland kabla ya Southampton. Kwetu kijana kutoka nyumbani kwenda kutafuta mechi ni jambo la kawaida, na wahenga walishasema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Lakini Samatta aliondoka kwa sababu ligi ya nyumbani ilikuwa ndogo kuliko kipaji chake. Kijana wa London anaondoka ligi tajiri kuliko zote duniani, iliyo dakika ishirini kwa treni kutoka chumbani kwake.

Sababu ya pili ni hesabu. Mchezaji aliyelelewa na klabu tangu utotoni hana bei ya kununuliwa kwenye vitabu vyenu, kwa hiyo akiuzwa pesa yote huandikwa faida. Kwa miaka mingi mliziwekea klabu kikomo cha hasara, pauni milioni 105 kwa misimu mitatu, na klabu zikajifunza kwamba njia ya haraka ya kuziba pengo ni kuuza mtoto wa nyumbani. Mount aliuzwa Manchester United mwaka 2023. Conor Gallagher, naye mtoto wa akademi ya Chelsea tangu mdogo, aliuzwa Atlético Madrid mwaka 2024. Siwalaumu waliouza, walifuata kanuni. Nawalaumu walioandika kanuni inayomfanya mtoto wa nyumbani awe na thamani zaidi sokoni kuliko uwanjani.

Kanuni ya wachezaji waliokuzwa nchini nayo haimsaidii kama watu wanavyodhani. Inadai kati ya wachezaji 25 walioandikishwa, wasiozidi 17 wawe waliokuzwa nje. Haisemi neno kuhusu nani acheze. Kijana anaweza kuwemo kwenye orodha msimu mzima, akapigwa picha ya timu, akasafiri na timu, na asivae jezi yenye jasho.

Ndipo tunafika kwenye Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya. Kifungu cha 19 cha kanuni za FIFA kinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa nchi kwa nchi, na msamaha wa miaka 16 hadi 18 unahusu uhamisho ndani ya Umoja wa Ulaya na eneo lake la kiuchumi. Tangu Januari 1, 2021, Uingereza haimo. Maana yake, safari ya Sancho akiwa na miaka 17, ya Bellingham akiwa na miaka 17, ya Madueke akiwa na miaka 16, leo haiwezekani kwa mtoto wa kawaida wa hapa.

Siombi kifungu hicho kivunjwe. Watu wa Afrika tunajua kwa nini kipo. Tumewaona mawakala wa uongo wanaochukua pesa za familia, wanamwahidi mtoto majaribio Ulaya, wanamwacha hotelini na kutokomea. Mtoto wa miaka 16 alindwe. Lakini mkubali basi kwamba, kwa kuwa njia hiyo imefungwa, mzigo wa miaka miwili ile umewaangukia ninyi na klabu zenu peke yenu. Awali klabu ilikuwa na hofu kwamba kijana akinyimwa nafasi atapanda ndege. Sasa haina hofu hiyo hadi atimize miaka 18.

Na akitimiza 18, paspoti inaanza kusema. Hispania inaruhusu wachezaji watatu tu wasio wa Umoja wa Ulaya kwa timu ya La Liga. Ufaransa wanne. Italia ina idadi yake kwa msimu. Uholanzi inadai mchezaji wa namna hiyo alipwe mshahara wa chini ambao ni mkubwa mno kwa kijana anayejaribiwa. Nani atatumia nafasi moja kati ya tatu kwa kijana wa miaka 19 ambaye hajacheza? Anatafutwa Mbrazil aliyekomaa. Ujerumani ndiyo pekee kati ya hizo kubwa isiyoweka kikomo cha namna hiyo katika Bundesliga, na ndiyo maana njia nyingi zinaelekea huko.

Kwenye timu yangu nina vijana wawili, mabeki wa pembeni, wanaolingana kwa kila kitu. Familia ya mmoja ni Wakongo waliopitia Ubelgiji kabla ya kuhamia hapa, na yeye ana paspoti ya Ubelgiji. Mama wa mwingine alikuja moja kwa moja kutoka Tanga. Mtoto amezaliwa hapa na ana paspoti ya Uingereza tu. Wakifika miaka 18, wa kwanza anaweza kusajiliwa Rotterdam, Lille au Sevilla bila kibali cha kazi. Wa pili, Mwingereza kamili, hawezi. Mama yake aliponiuliza kama nimehakikisha jambo hilo, nilimwonesha kanuni kwenye simu. Akauliza tena, "Kwa hiyo mwanangu amefungiwa ndani kwa sababu ni wa hapahapa?" Swali hilo nalileta kwenu kama lilivyo.

Na wanaofanikiwa kwenda, je, wanatunzwa? Kijana mmoja niliyemlea tangu akiwa mdogo alipelekwa nchi nyingine ya Ulaya na klabu yake kwa mkopo alipokuwa na miaka 19. Sitaitaja klabu wala nchi. Kocha aliyemtaka alifukuzwa kabla ya msimu kufika nusu. Kocha mpya alikuwa na watu wake. Kijana akabaki kwenye fleti ya chumba kimoja, hajui lugha, hajui hata kusoma maelekezo kwenye mashine ya kufulia, anakula pasta na tuna kila siku. Mama yake ni mhudumu wa wazee, anafanya zamu za usiku, hakuweza kupata likizo ya kumfuata. Klabu iliyomtuma ilikuwa inampigia simu na kumuuliza kuhusu paja lake lililokuwa na maumivu. Kuhusu moyo wake hakuna aliyeuliza. Alikuwa ananipigia mimi saa tano za usiku, anaanza kwa kuniuliza matokeo ya timu yetu ya Jumapili, na mimi namjibu taratibu, maana nilijua akikata simu hana mwingine wa kuongea naye. Alirudi Januari amepungua uzito. Kumbe mkataba wa mkopo haukuwa na kipengele chochote cha kumrudisha mapema kocha akibadilika, walilazimika kubembeleza.

Kwa hiyo naomba mambo ambayo yako ndani ya uwezo wenu.

La kwanza ndilo lililo moyoni mwangu zaidi. Chapisheni dakika. Kila klabu yenye akademi itangaze kila mwaka, kwa wachezaji wake wa miaka 17 hadi 21, ni mechi ngapi za watu wazima wamecheza, dakika ngapi, daraja gani, hapa au nje. Mzazi anasaini fomu mtoto akiwa na miaka tisa. Anaoneshwa ukumbi wa mazoezi, mpishi, mwalimu wa hisabati, picha za mastaa ukutani. Haoneshwi ni wangapi kati ya waliopita mlango ule walicheza kweli. Takwimu hizo klabu zinazo, hadi mita ambazo kila mtoto amekimbia. Ziwekeni mahali ambapo mama anayetoka zamu ya usiku anaweza kuzisoma kabla ya kusaini.

Kisha zawadieni dakika hizo. Mwaka 2023 mliweka utaratibu unaozipa klabu nafasi za kusajili wachezaji wa kigeni wasiotimiza pointi za kupata kibali cha kazi, na idadi ya nafasi hizo ikategemea dakika wanazopewa wachezaji wanaostahili kuichezea England. Huo ni mwanzo mzuri, na nawapongeza kwa dhati. Sogezeni hatua moja: dakika za kijana wa chini ya miaka 21 zihesabiwe kwa uzito zaidi kuliko za Mwingereza wa miaka 30. Klabu za EFL zinazowachezesha, kama Birmingham walivyofanya, zilipwe kwa kazi hiyo, maana hizo ndizo zinazowakomazia wachezaji huku zikihangaika kulipa umeme.

Kwa wanaokwenda nje, wekeni masharti ya lazima kabla klabu haijaruhusiwa kumtoa kijana wa chini ya miaka 21 kwa mkopo. Afundishwe lugha kabla ya kuondoka, walau ya dukani na ya uwanjani. Kuwe na mtu mwenye jina na namba ya simu anayemtembelea ana kwa ana. Mkopo uwe na kipengele cha kumrudisha kocha akiondoka au dakika zikikosekana. Siku hizi tajiri mmoja anamiliki klabu tatu, nne, katika nchi mbalimbali, na kijana anahamishwa kati yake. Hapo masharti yawe makali zaidi, kwa sababu mtoaji na mpokeaji ni mtu mmoja na hakuna wa kumtetea kijana mezani. FIFA imeweka kikomo cha mikopo sita ya kimataifa kwa klabu, lakini wachezaji wa miaka 21 kurudi chini waliokuzwa na klabu hawahesabiwi. Hao wasiohesabiwa ndio wanaohitaji kuangaliwa kuliko wote.

Na paspoti. Mei 2025 Serikali ya Uingereza na Umoja wa Ulaya walikubaliana kufanyia kazi mpango wa kuwawezesha vijana wa pande zote mbili kuishi na kufanya kazi kwa muda upande wa pili. Je, mmo kwenye mazungumzo hayo? Wanamuziki walishalia, wanafunzi walishalia, na sauti zao zimesikika. Mwombeeni mchezaji wa miaka 18 hadi 21 nafasi humo, na muongee na mashirikisho wenzenu wa Hispania, Ufaransa, Italia na Uholanzi ili kijana wa umri huo asihesabiwe kwenye nafasi za wageni. Nao wapewe unafuu uleule kwa vijana wao hapa. Ninyi mna nguvu ya kukaa nao meza moja. Kocha wa Jumapili hana.

Mwisho, timu za taifa za vijana. Tumeni watu wakawaangalie walioko Ujerumani, Ubelgiji na Ureno, madaraja ya pili na ya tatu, mara nyingi kama mnavyokwenda Cobham na Carrington, viwanja vya mazoezi vya Chelsea na Manchester United. Kijana akimwona mtu wa nyumbani jukwaani siku ya mvua, kwenye mji ambao hakuna anayemjua, atalikumbuka hilo siku atakapoulizwa anataka kuchezea nani.

Tarehe za kikao cha wazazi wetu nimeziandika kwenye tafsiri mliyotumiwa. Tunakutana kabla ya dirisha la usajili la kiangazi, kwenye ukumbi wa jumuiya, na mlango uko wazi kwa mjumbe wenu yeyote. Kama hamtaweza kuja, naomba jibu la maandishi, hasa kuhusu kuchapisha dakika na kuhusu paspoti. Nitalisoma mbele yao lote, kama lilivyo, na yule mama wa Tanga ameshaniambia atakaa mstari wa mbele.

Wenu katika mpira,

Kocha wa vijana, mashariki mwa London